UZI: Breki za mbele za pikipiki ya spoti ya zamani. Kabla hujanunua kalipa kubwa, pitia hapa kwanza

Wakuu, salaam.

Maswali ya breki za mbele yanarudi kila mara, na jibu karibu kila siku ni lile lile: tafuta kalipa (yale makoleo yenye pistoni yanayobana pedi kwenye diski) za mashine mpya, funga, umemaliza. Nami nilianzia hapo hapo. Nimekaa miezi kadhaa na breki za pikipiki yangu, nimefunga na kufungua mara tatu, na leo ndiyo naweza kusema zinashika ninavyotaka. Naandika yote niliyopitia, pamoja na niliyokosea. Ni ndefu, vumilieni.

Mashine yenyewe ni spoti ya cc 600, ya katikati ya miaka ya 90. Mbele ina diski mbili, kalipa za pistoni mbili zile zinazoteleza kwenye pini, masta (pampu ya breki iliyo kwenye leva) ya milimita 14, na mipira ya kupitishia mafuta ya breki ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Haina ABS. Injini safi, fremu imenyooka. Mimi nilikuwa naipenda kwa mwendo na kona, breki nikazichukulia kama kitu ambacho kipo tu.

Siku moja nilikuwa nateremka mlima mrefu, nimeshashika breki mara nyingi njiani, lori lililo mbele likasimama ghafla. Nikavuta leva kwa vidole viwili kama kawaida. Ikaja. Ikaendelea kuja. Nikaongeza vidole vyote vinne, leva ikakaribia kabisa kugusa usukani, na nilisimama nikiwa naweza kuhesabu bolti za bampa la lile lori. Nilikaa pembeni ya barabara mikono ikitetemeka. Baada ya nusu saa hivi nikavuta leva tena: ngumu, kama hakijatokea kitu.

Hiyo ya leva kurudi kuwa ngumu baada ya kupoa ndiyo iliyopaswa kuniambia ugonjwa uko wapi. Sikuisikiliza. Nikaenda kutafuta kalipa kubwa.

KOSA LA KWANZA

Nilipata kalipa za pistoni nne, mbili kila upande, zikiwa pamoja na shokapu zake za mbele, zimetoka kwenye toleo la baadaye la familia ile ile ya pikipiki. Unene wa shokapu pale zinapobanwa na klampu ulilingana, ekseli ililingana, diski zikakaa katikati ya kalipa bila kuweka washa yoyote. Nikafunga, nikatoa upepo kwa uangalifu, nikavuta leva. Laini. Ilikwenda mbali kuliko zamani. Nikatoa upepo tena, na tena. Chupa nzima ya mafuta ya breki ikaisha na leva haikubadilika.

Hapakuwa na upepo humo. Tatizo lilikuwa hesabu, na hesabu hii kila anayetaka kubadilisha kalipa inabidi aifanye kabla hajatoa hela.

Ukivuta leva unasukuma pistoni ndogo iliyo ndani ya masta. Presha inayotokea ni ile ile kila mahali kwenye mafuta, kwa hiyo pistoni za kalipa zikiwa na eneo kubwa mara 15 kuliko ile ya masta, zitasukuma pedi kwa nguvu mara 15. Lakini nguvu hiyo unailipia kwa safari. Pistoni ya masta itabidi isafiri mara 15 ya umbali ambao pedi zinasogea. Hakuna njia ya kukwepa hapo.

Eneo la pistoni: chukua kipenyo, kizidishe kwa chenyewe, kisha zidisha kwa 0.785. Masta yangu ya milimita 14 inatoa milimita za mraba 154. Kalipa zangu za zamani zilikuwa na pistoni mbili za milimita 27 kila moja, jumla ya kalipa zote mbili ni kama 2,290. Gawanya kwa 154, unapata karibu 15. Kalipa mpya zina pistoni za milimita 34 na 30 kila upande. Hapa hesabu pistoni za upande mmoja tu wa kalipa, kwa sababu za upande wa pili zinasukumana na hizi, haziongezi. Jumla ni kama 3,230. Gawanya kwa 154: 21.

Kutoka 15 hadi 21. Yaani kwa pedi kusogea kiasi kile kile, leva inakwenda mbali zaidi kwa asilimia kama 40. Nguvu ipo, tena nyingi, ila unaipata leva ikiwa karibu na usukani, na pedi zikipata moto kidogo au diski ikizisukuma nyuma, unaishiwa nafasi ya kuvuta. Nikaelewa kwamba masta na kalipa ni mke na mume. Ukibadilisha mmoja bila mwenzake, nyumba haikai.

Nilichofanya kitawashangaza: nilivua kila kitu, nikarudisha kalipa za zamani. Nilitaka nijue kwanza breki zile za kiwandani zilikuwaje zikiwa nzima, maana sikuwahi kuzijua zikiwa nzima.

NILICHOKIKUTA NDANI

Hii ndiyo sehemu ninayotaka msome taratibu.

Mafuta yaliyotoka yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Mafuta ya breki ya aina ya DOT 4 yanavuta unyevu kutoka hewani, unapenya hata kwenye ukuta wa mpira. Yakiwa mapya kiwango chake cha chini cha kuchemka ni nyuzi 230. Yakishafikisha maji asilimia 3.7, kiwango kinashuka hadi 155. Kwenye mteremko ule, kalipa zimepata joto, mafuta karibu na pistoni yakachemka, yakatoa mvuke, na mvuke unabanwa kama upepo. Ndiyo maana leva ilikuja hadi usukanini, na ndiyo maana ilikuwa ngumu tena baada ya kupoa. Vitabu vingi vya matengenezo vinasema badilisha mafuta kila miaka 2 na mipira kila miaka 4. Yangu sijui yalikaa mingapi.

Mipira: niliomba mtu avute leva kwa nguvu huku mimi nimeushika mpira kwa vidole. Unasikia unavimba. Si sana, lakini unausikia kabisa ukijaa mkononi na kulegea. Kila uvimbe huo ni nguvu ya vidole vyako ambayo haifiki kwenye diski.

Kalipa sasa. Pistoni nilizitoa kwa kutumia masta yenyewe, kalipa ikiwa bado imeunganishwa, nikivuta leva polepole na kuzuia pistoni inayotangulia kwa kipande cha mbao ili ile iliyoganda isukumwe. Wapo wanaotumia upepo wa kompresa. Pistoni inaweza kuruka kama risasi, na vidole vyako viko mbele yake. Mimi sitaki.

Moja ilitoka kwa urahisi. Ya pili, kwenye kalipa ya kulia, ilikuwa imeganda kabisa, inasogea robo milimita inagoma. Kwenye pedi za upande ule ushahidi ulikuwepo siku zote: pedi moja imelika kwa mshazari, mwanzo nene na mwisho nyembamba. Nilikuwa nimeshaziona mara nyingi na kuzirudisha.

Nikatoa sili (pete za mpira zinazoizunguka pistoni) kwa kijiti cha mbao, maana chuma kinakwaruza aluminiamu. Chini ya sili, ndani ya mfereji wake, kulikuwa na unga mweupe umeshikamana kama chokaa chini ya birika. Ni aluminiamu iliyoliwa. Unga huu unajaza mfereji, unainua sili, sili inaibana pistoni. Sili hizi zina kazi mbili. Zinazuia mafuta yasivuje, na ndizo zinazoirudisha pistoni nyuma ukiachia leva: pistoni ikitoka, sili inajikunja nayo kidogo, ukiachia inajikunjua na kuivuta. Ikibanwa na unga haiwezi kujikunjua, pedi inabaki inaisugua diski, na leva inakuwa ngumu kama mti bila pikipiki kusimama.

Nilikaa na mfereji mmoja karibu saa nzima. Kijiti, kitambaa, mafuta safi ya breki, kurudia, hadi ukucha ukipita ndani unateleza bila kukwama popote. Mtu akifunga sili mpya juu ya ule unga amepoteza sili tu. Nikaweka sili mpya zote, nikazipaka mafuta mapya ya breki, pistoni zikaingia kwa kusukuma kwa dole gumba. Hicho ndicho kipimo changu: ikihitaji zaidi ya dole gumba, fungua tena. Na grisi ya kawaida isiguse sili hizi hata kidogo. Zinavimba.

Pini za kuteleza nazo nilizisafisha, nikapaka grisi ya silikoni. Pini ikikauka, kalipa nzima inakaa upande na pedi moja ndiyo inafanya kazi.

Masta pia nilifungua. Chini ya kikopo cha mafuta kuna matundu mawili, moja dogo sana, ncha ya sindano tu ndiyo inaingia. Kazi yake ni kuruhusu mafuta yaliyopanuka kwa joto yarudi kikopeni. Likiziba, breki zinajishika zenyewe kadri unavyoendesha. Ukitaka kulijaribu, fungua kifuniko, vuta leva kidogo tu, utaona mafuta yanaruka juu kidogo kama chemchemi. Funika rangi ya tangi kwanza, mafuta haya yanakula rangi.

Nikafunga mipira mipya ya teflon iliyosukwa kwa nyaya za chuma, kila kalipa na mpira wake hadi kwenye masta, washa za shaba mpya kila kiungio, mafuta mapya ya DOT 4, pedi mpya. Leva ikawa nyingine kabisa. Kwa kalipa zile zile za pistoni mbili nilizokuwa nazitukana.

Kwa mtu wa safari za kila siku, aishie hapa. Nasema kwa dhati.

MASWALI YALIYOULIZWA MPAKA SASA

Mdau ameuliza pedi zipi. Ziko za oganiki na za sintadi, hizi za pili ni unga wa metali ulioshindiliwa kwa moto. Sintadi zinashika vizuri kwenye mvua na kwenye joto kali, na ndizo ninazotumia. Lakini angalia diski zako. Kama ni za chuma cha kusubu, zilizokuwa kwenye baadhi ya mashine za zamani, sintadi zitazila, weka oganiki. Herufi mbili za mwisho nyuma ya pedi, kwa mfano HH au GG, zinaonyesha mshiko ikiwa baridi na ikiwa moto. H ni zaidi ya 0.55, G ni 0.45 hadi 0.55.

Mwingine kasema pistoni sita ni bora kuliko nne. Mkuu, idadi si hoja, eneo ndilo hoja. Suzuki GSX-R750 ya 1996 na Kawasaki ZX-7R zilitoka na pistoni sita, na GSX-R1000 ya 2003 ikatoka na nne. Pistoni sita maana yake ni mifereji sita ya kusafisha kila kalipa. Kama unazo na ni safi, baki nazo.

Kuhusu kuhamia mbele nzima ya mashine mpya yenye kalipa za radia (zile ambazo bolti zake zinaingia kutoka nyuma, si ubavuni): inafanyika, na nimeona zilizofanywa vizuri. Ila ujue unachoingia. Urefu wa shokapu ukibadilika, tabia ya pikipiki kwenye kona inabadilika. Kalipa za radia nyingi zina umbali wa bolti wa milimita 100 au 108, hivyo hazikai popote tu. Na Yamaha R1 ya 1998 haikuwa na radia, ilikuwa na kalipa za kawaida za kipande kimoja na diski za milimita 298, na hadi leo watu wanazitafuta kalipa hizo wazifunge kwenye mashine nyingine.

DOT 5? Hapana. Hiyo ni ya silikoni, haichanganyiki na DOT 4. DOT 5.1 ndiyo inayochanganyika. Majina yanafanana, vitu ni tofauti, soma chupa mara mbili.

MWENDELEZO: KALIPA KUBWA, MARA YA PILI

Baada ya miezi mitatu nilirudi kwenye zile za pistoni nne, safari hii nikiwa na masta ya 5/8 ya inchi, ambayo ni milimita 15.9. Eneo lake ni 198. Gawanya 3,230 kwa 198: 16 na kitu. Karibu sana na 15 ya kiwandani, laini kidogo tu, na ndivyo nilivyotaka. Ukubwa huu huwa umeandikwa kwenye mwili wa masta, utafute chini ya vumbi. Masta za radia (zile ambazo pistoni haikulala sambamba na usukani) zinaandikwa namba mbili, kwa mfano 19x18: ya kwanza ni kipenyo cha pistoni, ya pili ni umbali wa egemeo la leva hadi pale inaposukuma. Zote mbili zinabadilisha hisia ya mkono, kwa hiyo hesabu yangu ya eneo peke yake haitoshi kwa masta hizo.

Kalipa hizi nazo nilizifungua na kuzisafisha kama zile za kwanza, ingawa muuzaji aliniapia ni safi. Mifereji miwili ilikuwa na unga.

Jambo moja linaloweza kumponza mtu: bolti za kuungia mpira kwenye kalipa zina nyuzi za aina mbili, milimita 10 kwa 1.0 na 10 kwa 1.25. Ukilazimisha moja kwenye tundu la nyingine umeharibu kalipa. Iingize kwa vidole kwanza, mizunguko mitatu bila spana. Ikigoma, simama. Na hakikisha nipeli ya kutolea upepo iko juu ya kalipa, si chini. Kalipa za kushoto na kulia zikibadilishana pande, nipeli inakwenda chini na upepo hautatoka maisha.

Diski nilipima unene kwa maikromita sehemu nane kuzunguka. Kwenye diski pameandikwa unene wa mwisho, zangu zinasema 4.5, nikakuta 4.8. Zile riveti zinazoshikilia duara la nje zilikuwa zimekazwa na uchafu, nikazizungusha moja moja kwa bolti na nati huku napuliza dawa ya kusafishia breki, hadi diski ikapata kucheza kidogo. Mtetemo mdogo niliokuwa nikiusikia kwenye leva uliishia hapo, na nilikuwa nimeshaanza kutafuta diski mpya.

Kutoa upepo kulinichukua muda. Upepo wa mwisho hujificha pale mpira unapoungana na masta, kwa kuwa ndiyo sehemu ya juu kabisa. Nilisukuma mafuta kutoka chini kwa bomba la sindano lililofungwa kwenye nipeli, kisha nikalegeza kidogo bolti ya pale juu ikiwa imezungushiwa kitambaa, nikavuta leva, nikakaza kabla sijaiachia. Vikatoka viputo viwili vidogo kama vichwa vya pini. Leva ikakaa hapo hapo.

Ekseli usiikaze tu na kuondoka. Kaza nati ya ekseli, acha bolti za kubana mguu wa shokapu zikiwa legevu, bonyeza mbele ya pikipiki juu chini mara kadhaa ili miguu ijipange yenyewe, ndipo ubane. Bila hivyo diski moja inakaa upande ndani ya kalipa yake.

Pedi mpya nilizifundisha kazi kwenye barabara tupu: mwendo wa 60 hadi 10 kwa mshiko wa wastani, bila kusimama kabisa, nikiachia zipoe katikati, mara kumi hivi. Ukisimama na kubana pedi za moto zinaacha alama kwenye diski.

Kitu ambacho sikukitarajia ni shokapu. Kwa mshiko huu mpya pua ilikuwa inazama hadi mwisho, na shokapu ikifika mwisho tairi inaruka juu ya mashimo badala ya kuyafuata. Nikabadilisha oili na kuweka springi ngumu kidogo. Anayepanga kuongeza breki aweke shokapu kwenye bajeti ile ile. Na tairi la mbele lenye miaka mingi litateleza mapema kuliko breki zako zitakavyochoka.

Nimerudi kwenye ule mlima. Juu kabisa nilivuta leva nikapima nafasi iliyobaki hadi usukani: vidole viwili. Nikashuka nikishika breki kama siku ile, nikasimama chini, kalipa zinatoa joto unalisikia usoni ukiinama. Nikavuta tena. Vidole viwili.

Mdau wa juu aliyeuliza kama nakaza bolti za kalipa kwa makadirio: hapana, kwa spana yenye kipimo na namba za kitabu cha mashine yenyewe, kisha nachora mstari wa rangi kuanzia kichwa cha bolti hadi kwenye kalipa. Baada ya wiki ya kwanza niliinama kuangalia, bolti ya chini ya kushoto mstari wake ulikuwa umeachana kwa unene wa kucha. Nikaitoa, nikasafisha nyuzi, nikaikaza upya. Naiangalia kila nikiwasha mashine, haijasogea tena.